Kazi isiyokaliwa na watu ni dalili ya maradhi

Mara nyingi tunapozungumzia afya ya familia tunaanzia jikoni na chooni: maji yamechemshwa, chakula kimefunikwa, mikono imenawiwa. Hiyo ni sawa. Lakini yapo maradhi ambayo hayatoki jikoni. Mtu mzima mwenye ajira hutumia kazini saa nane au tisa kwa siku, siku sita kwa wiki, na njiani akatumia saa nyingine mbili au tatu. Hewa anayovuta, maji anayokunywa, kiti anachokalia, maneno anayoambiwa, vyote hivyo anavikuta huko, na athari zake anarudi nazo nyumbani. Kwa hiyo afya ya mahali pa kazi ni sehemu ya afya ya nyumba.

Leo tuangalie dalili moja ambayo wengi tunaiona lakini hatuihesabu kuwa ni jambo la afya. Dalili hiyo ni watu kuacha kazi mara kwa mara. Karibu kila mtaa una sehemu ambayo watu husema, “Pale watu hawakai.” Inaweza kuwa kiwanda cha kufungasha vyakula, ghala, hoteli, shule au zahanati. Tangazo la nafasi za kazi halitoki getini. Bosi anasema vijana wa siku hizi ni wavivu. Majirani wanasema mshahara ni mdogo. Huenda kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini wataalamu wa afya ya kazini wana jambo la kuongeza. Wanasema hali hiyo ni kama homa. Homa si ugonjwa wenyewe, bali ni taarifa kwamba ndani ya mwili kuna tatizo. Anayemeza dawa ya kushusha homa bila kupima damu anaweza kujisikia nafuu huku malaria ikiendelea. Hali kadhalika mwajiri anayejaza nafasi bila kuuliza kwa nini aliyetangulia ameondoka, anashusha homa na kuacha maradhi.

Jinsi ya kuhesabu

Kwanza tuelewe hesabu yenyewe, maana ni nyepesi. Chukua idadi ya walioacha kazi ndani ya mwaka, gawa kwa wastani wa idadi ya wafanyakazi wote, kisha zidisha kwa 100.

Tuchukue mfano wa kampuni ya kati. Sera ya Tanzania ya mwaka 2003 kuhusu viwanda vidogo na biashara ndogo iliita shughuli ya kati ile yenye wafanyakazi kuanzia 50 hadi 99. Tuseme kampuni yetu ya mfano ina wafanyakazi 80: ofisini 14, madereva na matingo 10, na uzalishaji 56. Katika mwaka mmoja wameondoka 24. Hiyo ni asilimia 30.

Mwenye kampuni akiambiwa asilimia 30 anaweza kusema ndivyo biashara zilivyo. Sasa tuipasue hesabu hiyo. Ofisini ameondoka mtu mmoja kati ya 14, yaani asilimia 7. Madereva na matingo wameondoka 3 kati ya 10. Uzalishaji wameondoka 20 kati ya 56, yaani karibu asilimia 36. Tukiendelea kupasua tunakuta kwamba katika hao 20 wa uzalishaji, 16 walikuwa chumba cha kufungasha, shifti ya usiku. Na katika hao 16, wanawake ni 12, ambao watano kati yao waliondoka miezi michache baada ya kurudi kutoka likizo ya uzazi.

Hapo ndugu msomaji utaona kwamba kampuni nzima haina homa. Kidonda kiko chumba kimoja, shifti moja. Pengine ni msimamizi wa usiku. Pengine ni usafiri wa saa nane za usiku. Pengine ni mama mwenye mtoto mchanga asiyepewa muda wa kunyonyesha. Hesabu ya jumla ilikificha kidonda hicho kwa kuwachanganya wa ofisini wenye feni na wa chini wenye vumbi.

Aidha kuna watu ambao hawamo kabisa katika hesabu. Kampuni nyingi zina vibarua wa siku, na zina walinzi na wafanya usafi walioajiriwa na kampuni nyingine. Kibarua akiumia mgongo leo, kesho haitwi tena getini. Hakuna karatasi inayoonyesha kwamba ameacha kazi, kwa sababu hakuna karatasi iliyoonyesha kwamba aliajiriwa. Kwa hiyo ukitaka kujua afya ya mahali pa kazi, uliza kwanza ni akina nani wanaofanya kazi pale: wa kudumu wangapi, wa mkataba wangapi, vibarua wangapi, wanawake wangapi, na nani anafanya kazi ipi, saa ngapi.

Waliobaki hawatoshi kutoa ushahidi

Mkaguzi au mgeni akifika kiwandani na kuwakuta wafanyakazi wakakamavu, anaweza kuandika kwamba kazi ile haina madhara. Kosa hili lilionekana zamani. Mwaka 1885 William Ogle, daktari aliyekuwa akishughulikia takwimu za vifo nchini Uingereza, alieleza kwamba kazi ngumu huwachuja watu mara mbili. Mara ya kwanza ni mlangoni, kwa sababu mtu dhaifu haendi kuomba kazi ya kubeba mizigo. Mara ya pili ni ndani, kwa sababu anayeanza kuugua huacha na kutafuta kazi nyepesi au hukaa nyumbani. Wanaobaki ni wale wenye miili inayostahimili. Ukiwapima hao tu, utaona afya njema, hata kama kazi ile imewaumiza mamia.

Hebu fikiria, ndugu msomaji, maana ya jambo hili kwa familia. Wenye ushahidi wa madhara ya kazi hawapo tena kazini. Wako majumbani. Ni yule baba anayekohoa tangu alipotoka kwenye kinu cha kuchambua pamba. Ni yule dada asiyeweza kusimama muda mrefu tangu alipotoka kiwandani. Kampuni haina habari zao na hospitali inawaona kama wagonjwa wa kawaida. Familia ndiyo pekee inayojua kwamba ugonjwa ulianza lini na ukiwa kazi gani.

Vumbi la pamba linafaa kuwa mfano. Ugonjwa wake huitwa bisinosi. Mwanzoni mfanyakazi hubanwa na kifua siku ya kwanza baada ya mapumziko, yaani Jumatatu kwa wengi, kisha hupata nafuu kadiri siku za wiki zinavyokwenda. Ndiyo maana katika nchi nyingi wafanyakazi waliuita homa ya Jumatatu. Asiyejua hudhani mtu huyo anaogopa kazi baada ya kupumzika. Msimamizi humwita mvivu, naye huacha kazi. Kumbe mapafu yalikuwa yakitoa taarifa mapema, wakati madhara bado yangeweza kuzuiwa kwa kupunguza vumbi na kumhamisha sehemu.

Mambo yanayomchosha mfanyakazi

Tusidhani kwamba ni vumbi na mashine tu. Yapo mambo manne ambayo hujirudia sana pale watu wasipokaa.

La kwanza ni saa nyingi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa takribani asilimia 35, na hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo iliyo kubwa kwa takribani asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Kwa mwaka 2016 pekee vifo vilivyohusishwa na saa nyingi za kazi vilikadiriwa kuwa 745,000 duniani. Mwenye presha ambaye hajawahi kupimwa ndiye aliye katika hatari zaidi, kwani yeye husema ni uchovu tu.

La pili ni usiku. Mwili una saa yake ya ndani inayotaka kulala gizani. Anayelala mchana hupata usingizi mfupi na mwepesi, hasa katika nyumba yenye watoto, redio na joto la bati. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa umakini kwa kiwango kinacholingana na cha mtu mwenye pombe asilimia 0.05 katika damu. Dereva wa lori ambaye hajawahi kuonja pombe maishani mwake anaweza kuendesha kama mlevi kwa sababu ya kukesha.

La tatu ni maji na choo. Jambo hili huonekana dogo, lakini ndilo linalowaondoa wanawake wengi. Pale ambapo choo ni kimoja kwa watu 50, au hakina maji, au ni lazima uombe ruhusa mbele za watu, mfanyakazi hujifunza kutokunywa maji na kubana mkojo. Matokeo yake ni maumivu ya kichwa, maambukizi ya njia ya mkojo, na baadaye mawe ya figo. Mwanamke aliye katika siku zake hukosa pa kujisitiri, akaanza kukosa kazi siku hizo kila mwezi, mwisho akaachishwa au akaacha. Kwa Muislamu kuna na haja ya maji ya udhu. Kiwanda chenye maji ya kutosha chooni hakijampendelea Muislamu, kimewalinda wafanyakazi wote.

La nne ni kukosa kauli. Nchini Uingereza, uchunguzi wa watumishi wa serikali ulioanza mwaka 1967 na kujulikana kwa jina la Whitehall uliwafuatilia wanaume wapatao 18,000. Wote walikuwa na ajira za ofisini na hakuna aliyekuwa fukara. Hata hivyo wa daraja la chini kabisa walikufa kwa maradhi ya moyo zaidi ya mara tatu ya wale wa daraja la juu. Sigara, presha na mengineyo ya kawaida yalieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka 1985 na kuwahusisha pia wanawake, ulionyesha kwamba mtu asiye na kauli juu ya kazi yake, yaani asiyeweza kuamua aanze na lipi wala apumzike lini, ana hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo. Mwili unaoishi katika hofu ya kufokewa humwaga homoni za kujihami kila siku. Moyo hupiga kasi, presha hupanda, usingizi hukatika.

Mambo haya yakikusanyika kwa muda mrefu huleta uchovu wa kazi uliopindukia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitaja alama zake tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kuidharau, na kuona kwamba hufanyi lolote la maana. Shirika hilo liliueleza kuwa ni jambo linalotokana na mazingira ya kazi. Kwa hiyo si haki kumwambia mgonjwa wa aina hii kwamba imani yake ni ndogo au kwamba amedeka.

Mshahara na zaidi ya mshahara

Wapo watakaosema dawa ni mshahara tu. Historia ya kiwanda cha magari cha Ford kule Highland Park, Michigan, Marekani, inatufundisha. Mwaka 1913 kiwanda hicho kilianza mtindo wa gari kupita mbele ya mfanyakazi huku yeye akifanya tendo moja dogo kutwa nzima. Kazi ilikwenda haraka, lakini watu hawakuistahimili. Mwaka huo kiwango cha kuacha kazi kilifika asilimia 370. Ili kuwa na wafanyakazi wapatao 14,000, ilibidi waajiriwe zaidi ya 52,000.

Januari 1914 Henry Ford alitangaza malipo ya hadi dola 5 kwa siku, karibu maradufu ya yale ya awali, na akapunguza saa za kazi kutoka tisa hadi nane. Kufikia mwaka 1915 kiwango cha kuacha kazi kilikuwa kimeshuka chini ya asilimia 20. Wengi hukumbuka dola 5 na kusahau ile saa moja iliyorudishwa kwa mfanyakazi. Na wengi zaidi husahau kwamba malipo hayo yalikuwa na masharti. Kampuni ilituma wakaguzi majumbani kuangalia usafi, ulevi na matumizi ya fedha, na mwanzoni wanawake hawakuingizwa katika mpango huo. Fundisho ni kwamba fedha na mapumziko vikiongezwa watu hukaa. Lakini kukaa kwao hakuna maana kwamba kazi imekuwa nyepesi au kwamba wana uhuru.

Hapa pana tahadhari kwetu sisi. Ajira zetu ni chache. Mtu mwenye watoto wanne na kodi ya nyumba anaweza kukaa miaka kumi mahali panapomuumiza, kwa kuwa hana pa kwenda. Kwa hiyo kampuni isiyoondokewa na mtu si lazima iwe salama. Pale watu wanapoogopa kuondoka, tazama dalili nyingine: ruhusa za ugonjwa, ajali ndogo ndogo, dawa za maumivu zinazomezwa kila siku, na ugomvi.

Sheria inasema nini

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mipaka ambayo kwa hakika ni mipaka ya afya. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku, kwa siku zisizozidi 6. Ovataimu ni kwa makubaliano, haizidi saa 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu. Baada ya saa tano za kazi mfululizo kuna mapumziko ya dakika 60. Kati ya siku moja na nyingine kuna saa 12 za kupumzika, na kila wiki saa 24 mfululizo. Kazi ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5. Likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara.

Mama mzazi ana siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja, na akirudi ana haki ya muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Hatakiwi kupangiwa usiku miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua. Wale kina mama watano wa mfano wetu, huenda hakuna aliyewaambia haya.

Sheria hiyo pia inakataza ubaguzi kwa misingi ya dini, kabila, jinsia, ujauzito, ulemavu, virusi vya UKIMWI na mingineyo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi kuwa na angalau asilimia 3 ya wenye ulemavu. Kwa kampuni ya watu 80 hao ni wawili au watatu. Nayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na kwa vipindi. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005, hivyo msomaji wa huko aiangalie hiyo.

Jambo moja wengi hawalijui. Mwajiri akifanya kazi isivumilike, mfanyakazi akalazimika kuandika barua ya kuacha, sheria inaweza kuhesabu kwamba ameachishwa. Anaweza kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Lakini kifungu cha kuachishwa isivyo haki hakimlindi aliyefanya kazi chini ya miezi sita. Ndiyo sababu ni vibaya zaidi pale ambapo wanaoondoka wengi ni wa miezi ya mwanzo, kwani hao ndio wenye ulinzi mdogo.

Familia ifanye nini

Kwanza, wasikilizeni wanaorudi kutoka kazini, na muulize maswali ya afya, si ya mshahara pekee. Umekunywa maji mara ngapi leo? Choo kikoje? Umekaa au umesimama? Nani kaumia wiki hii? Kijana anayeogopa kuonekana mvivu hatasema mwenyewe.

Pili, wekeni kumbukumbu. Daftari moja la nyumbani linatosha. Andikeni tarehe ya kuanza kazi, kazi yenyewe, vumbi au dawa anayoshika, na siku dalili zilipoanza. Hifadhini mkataba, hati za mshahara na karatasi za hospitali. Baadhi ya maradhi ya mapafu, kama yale ya vumbi la mawe, huweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, lakini asiye na ushahidi atapata taabu. Na mkienda hospitali, mwambieni daktari kazi ya mgonjwa hata asipouliza.

Tatu, pimeni presha na sukari angalau mara moja kwa mwaka, hasa kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 40 na wenye shifti za usiku. Mwenye kisukari anayefanya kazi usiku amuone daktari kabla ya mwezi wa Ramadhani ili apangiwe upya dawa, kwani saa zake za kula na kulala hubadilika mara mbili.

Nne, anayelala mchana apewe haki ya kulala. Pazia zito, chumba kitulie, na watoto waelezwe. Jambo hili halina gharama na linaokoa maisha ya madereva na walinzi.

Tano, mtu akiamua kuacha, aache kwa utaratibu. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28. Kama sababu ni afya au manyanyaso, ataje katika barua kwa maneno ya heshima. Barua nyingi husema “sababu binafsi”, na kwa maneno hayo mawili ushahidi wote hupotea. Anayekuja kushika nafasi hiyo huanza bila kujua, naye huumia vilevile.

Na kwa wenye kuajiri

Wasomaji wengi wa safu hii wana maduka, mabasi, shule na viwanda vidogo. Kwenu ushauri ni mfupi. Kila anayeondoka, kaa naye nusu saa, na asiyeongea naye awe ni yule msimamizi wake. Muulize angebadilisha nini. Gawa hesabu ya mwaka kwa chumba, kwa shifti na kwa jinsia. Kama nafasi ileile imeachwa na watu watatu kwa mwaka, acha kuwachunguza watu na uichunguze nafasi. Panga shifti kwa kushauriana: Muislamu amshikie Mkristo zamu ya Jumapili na Krismasi, naye Mkristo amshikie ya Ijumaa mchana na Idd. Weka maji ya kunywa na choo safi kabla ya kununua kamera za ulinzi.

Tusisahau kwamba na nyumba zetu ni mahali pa kazi. Mama anayelalamika kwamba wasichana wa kazi hawakai, watatu wameondoka tangu mwaka uanze, na ajiulize yaleyale tuliyowauliza wenye viwanda. Binti huyo huamka saa ngapi na kulala saa ngapi? Ana siku ya kupumzika? Akiugua hupelekwa hospitali au hurudishwa kwao? Hula wakati gani, na chakula gani? Anaitwa kwa jina lake? Akiondoka wa nne, kabla ya kumtafuta wa tano, mpigieni simu huyo aliyeondoka na mumuulize kwa upole. Yeye ndiye anayejua nyumba yenu inauma wapi.